Hema la kubeba kwa baiskeli ukitokea Malindi: lipi lichukue, lipi liache

Ukitafuta hema jepesi la safari za baiskeli, ushauri mwingi utakaoupata umeandikwa na watu wanaolala penye baridi. Watakupimia joto la mfuko wa kulalia, watasifu kitambaa kisichopitisha upepo, watakuhimiza uongeze nguo. Mtu wa Malindi akiufuata ushauri huo atalala akitota jasho. Usiku wa Februari hapa kwetu joto hukaa karibu nyuzi 25, na hata Julai, kusi ikivuma na watu wakivuta mashuka, halishuki sana chini ya 21. Kinachomnyima msafiri usingizi ni fukuto, mbu, na mchanga unaoachia vigingi upepo ukizidi. Basi nimelinganisha vifaa kwa mizani hiyo: hewa kwanza, neti ya pili, kushika kwenye mchanga tatu, na uzito baada ya hapo.

Ninaowafikiria ni wanaotoka mjini kwa usiku mmoja au mbili. Kaskazini kuna daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni na Ngomeni. Bara kuna Marafa na korongo lake la Nyari. Kusini kuna Watamu, hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Magharibi kuna barabara ya Kakoneni inayokwenda mpaka lango la Sala la Tsavo Mashariki, na hapo langoni ndipo pa kugeuzia baiskeli, maana ng'ambo yake ni kwa simba na tembo.

Kabla ya kulinganisha, uzito upi?

Watengenezaji huandika uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni wa chumba cha ndani, kifuniko cha mvua na nguzo peke yake. Wa pili ni wa kila kitu kilichomo ndani ya mfuko: vigingi, kamba, vifuko. Tofauti yake huwa gramu 150 hadi 300, nao wauzaji hupenda kutangaza ule mdogo. Ukilinganisha hema moja kwa uzito wa kwanza na jingine kwa uzito wa pili, umelinganisha nazi na dafu. Daima tafuta ule wa pili, kisha lipime mwenyewe likifika. Duka lolote la nafaka lina mizani.

Halafu kuna kipimo ambacho wapanda milima hawakijali na mwendesha baiskeli hana budi kukijali: urefu wa nguzo zikikunjwa. Hema la kawaida nguzo zake hukunjika kufikia sentimita 40 hadi 50. Kwenye usukani ulionyooka zinaenea bila taabu. Kwenye usukani wa kupinda, wa baiskeli za mashindano, nafasi kati ya mikono miwili ni ndogo, nguzo hizo zinagonga breki na huwezi kukata kona sawasawa. Hapo unalazimika kuzifunga kwenye fremu au kununua hema lenye nguzo fupi.

Hema linalosimama lenyewe

Hili ndilo chaguo langu kwa watu wengi, na sababu ni mchanga. Hema linalosimama kwa nguzo zake unaliinua kwanza, unaliburuta mpaka pale unapotaka, unaingiza mizigo ndani, kisha ndio unahangaika na vigingi. Kigingi kimoja kikitoka usiku, paa halikuangukii usoni.

Chukua mawili yanayotajwa sana. Big Agnes ya Marekani ina Copper Spur HV UL2, nayo imetengenezewa toleo maalumu la baiskeli ambalo nguzo zake hukunjika hadi sentimita 30 hivi. Uzito wake wote ni karibu kilo moja na nusu. Naturehike ya China ina Cloud Up 2, ambayo katika kitambaa cha 20D (alama ya unene wa uzi, nitaieleza mbele) inakaribia uzito huohuo. Kwa bei, la kwanza ni la dola 500 na zaidi, la pili kwa kawaida ni karibu robo ya hizo, kabla hujahesabu usafirishaji na ushuru. Kwa mizani peke yake ungesema hakuna cha kufikiria, nunua la China.

Sasa yaweke kwenye upepo wa Mambrui. Copper Spur ina milango miwili, mmoja kila ubavu. Ukifungua kifuniko pande zote mbili, upepo wa bahari unaingia huku na kutokea kule, na neti inabaki imefungwa. Cloud Up ina mlango mmoja, upande wa kichwa. Ukiutazamisha upepo unapata hewa, lakini mvua ikija unaufunga, na hapo fukuto linaanza. Tena Cloud Up halisimami kikamilifu: upande wa miguu unahitaji kuvutwa kwa vigingi, kwa hiyo ile faida ya mchangani inapungua nusu. Kwa watu wawili tofauti ni kubwa zaidi, maana anayelala ndani akitaka kutoka usiku humruka mwenzake.

Hata hivyo sitamwambia mtu aache safari mpaka apate dola 500. Akilala peke yake katika hema la watu wawili, akaweka mlango mmoja kuelekea unakotoka upepo, Cloud Up linamtosha kabisa kuanzia Desemba mpaka Machi. Ninalosisitiza ni hili: kwa bei yoyote ile, tafuta chumba cha ndani ambacho sehemu kubwa ya kuta ni neti. Mahema mengi ya bei nafuu yana kitambaa kizito mpaka nusu ya ukuta ili kuzuia upepo wa baridi, na kitambaa hicho kinakuzuilia hewa pale unapolaza kichwa. Na neti iwe ya matundu madogo sana. Kule Mida na Ngomeni, penye mikoko, kuna usubi, na usubi unapita kwenye neti ambayo mbu hapiti.

Jaribu kulala na chumba cha ndani peke yake, bila kifuniko, usiku wa kaskazi usio na wingu. Kifuniko kikae miguuni, kimefungwa upande mmoja, tayari kuvutwa. Ndiyo njia bora niijuayo ya kulala nje Pwani.

Hema la nguzo moja

Haya ni mahema yanayosimamishwa kwa fimbo za kutembelea mlimani. Uzito wake unavutia mno: mengi yako chini ya kilo moja. Lakini mwendesha baiskeli hatembei na fimbo, kwa hiyo itabidi ununue nguzo ya ziada, na sehemu ya ule wepesi inarudi. Pili, hema lote linasimama kwa kuvutwa na vigingi. Kigingi cha pembeni kikiachia, hema zima linalala. Juu ya udongo mgumu wa Marafa sina neno nalo. Ufukweni sikushauri.

Tena mengi yake ni ya safu moja ya kitambaa. Hewa yetu imejaa unyevu, na pumzi yako inaongeza unyevu mwingine. Kitambaa kinapopoa alfajiri, matone yanajikusanya ndani na kukudondokea. Penye hewa kavu shida hiyo ni ndogo. Penye bahari haikwepeki. Mfuko wa kulalia usiopitisha maji, ule wanaouingia mzimamzima kama mfu, nao una dosari hiyohiyo na zaidi, sitauzungumzia tena.

Bembea

Kwa fukuto, bembea ya kulalia inashinda mahema yote. Hewa inapita chini ya mgongo, mchanga hauingii, na chungu hawakufikii kwa urahisi. Bembea yenye neti, kamba pana za mtini na turubai dogo la mvua huwa kilo moja na robo hivi, na inakunjika bila nguzo hata moja, kwa hiyo inaingia popote kwenye baiskeli.

Maswali ni matatu. Miti ipo? Mashamba ya kutoka Malindi hadi Gede yana miembe na mikorosho, na pwani pana mivinje, na hii yote ni miti mizuri. Usifunge kwenye mnazi. Nazi inaanguka bila taarifa, na mwenye mnazi hatafurahi. Ukielekea Marafa na Kakoneni unaingia kwenye vichaka na migunga: matawi mafupi, miiba mingi, na mahali pa kufungia unaweza kupakosa jioni nzima. La pili, mbu watakuuma kupitia kitambaa kilichobana mgongoni. Neti ya juu haisaidii huko chini. Tafuta bembea yenye kitambaa cha safu mbili, au laza godoro jembamba ndani yake. La tatu, mizigo na baiskeli vitabaki nje, na hilo mtu alipime kulingana na mahali alipo.

Chandarua na turubai, kazi ya fundi

Hapa ndipo ningependa watu wa kwetu waangalie zaidi, kwa sababu ni njia inayowezekana bila kuagiza kitu ng'ambo, na mafundi cherehani wazuri tunao. Unachukua chandarua cha mtu mmoja, fundi anakishonea sakafu ya kitambaa kisichopitisha maji, ukingo wa sakafu ukipanda kama shibiri moja ili maji yasiingie. Anaweka zipu upande mmoja, na vitanzi vinne juu vya kufungia kamba. Unakining'iniza chini ya turubai lililotandazwa kati ya mti na baiskeli iliyopinduliwa, au kati ya miti miwili.

Usikubali chandarua kisichoshonewa sakafu. Kukichomeka chini ya godoro ni sawa kitandani, lakini ardhini kuna siafu, kuna nge, na kuna tandu. Na tafadhali nunua chandarua chako. Vile vinavyogawiwa bure kliniki ni vya mama wajawazito na watoto, viacheni vitandani mwao.

Turubai ndilo linaloamua uzito. La bluu la duka la vifaa vya ujenzi, la mita tatu kwa tatu, linakaribia kilo moja na linapiga kelele usiku kucha upepo ukiligusa. La naironi iliyopakwa silikoni, ukubwa huohuo, ni nusu ya hapo na linakunjika likawa saizi ya chupa ya maji. Ukiunganisha la pili na chandarua cha fundi, umepata malazi ya kilo moja, yenye hewa kuliko hema lolote, kwa pesa ambayo kijana anayefanya kazi Malindi anaweza kuiweka pembeni kwa miezi michache. Udhaifu wake ni mvua ya upepo. Mei, masika yakikolea, mvua inakuja ikiwa imelala, na turubai lililo wazi pande zote halitakusitiri. Msimu huo hema, au nyumba.

Kitambaa na chumvi

Alama ya 20D au 40D kwenye hema inaeleza unene wa uzi: uzi wa urefu wa mita 9,000 una uzito wa gramu 20, au 40. Kwa kuta, 15D na 20D zinatosha. Kwa sakafu, penye mabaki ya matumbawe na miiba ya mgunga, nafasi ya makosa ni ndogo, kwa hiyo beba karatasi nene ya plastiki ya kutandika chini. Inauzwa kwa mita mjini na uzito wake ni mdogo.

Naironi hunywa maji kidogo na kulegea ikilowa, ndiyo maana hema lililokazwa jioni unalikuta limelala asubuhi. Poliesta hailegei hivyo na inastahimili jua zaidi. Ukikuta mahema mawili yenye uzito sawa, moja la naironi na jingine la poliesta, kwa Pwani chukua la poliesta.

Lakini kinachoua mahema hapa kwetu ni upako, na watu hawaambiwi. Mahema mengi ya bei ya kati yamepakwa poliuretani, ile inayoandikwa PU. Upako huo ukikaa kwenye joto na unyevu huoza polepole: unanata, unanuka, kisha unabanduka vipande. Hema lililofungwa likiwa na umande na kusahauliwa stoo yenye paa la bati linaweza kuharibika bila kulaliwa. Upako wa silikoni hauozi kwa namna hiyo, ingawa unateleza na gundi ya kawaida haiushiki, kwa hiyo kiraka chake kinataka gundi ya silikoni. Ukiweza kuchagua, lipa zaidi upate silikoni. Ukishindwa, likaushe hema vizuri kivulini, ulihifadhi chumbani likiwa limelegea ndani ya mfuko wa pamba, kama foronya kuukuu.

Chumvi nayo hula zipu na viungo vya nguzo za aluminiamu. Baada ya usiku wa ufukweni, au kupita kule Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, suuza zipu na nguzo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Nguzo za faibaglasi, yaani nyuzi za kioo, za mahema ya bei ya chini hazipati kutu, lakini zinapasuka kwa urefu na vibanzi vyake vinachoma mikono. Sizipendi.

Kushika mchangani

Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema vinafaa kwa udongo wa Marafa. Kwa mchanga, acha nusu yake nyumbani, beba vifuko vidogo vya kitambaa. Vijaze mchanga, funga kamba, vifukie chini kina cha kiwiko. Kijiti kikavu kilichofukiwa kikiwa kimelala kinashika vilevile. Na kabla ya yote hayo, angalia mstari wa mwani mkavu ufukweni. Maji ya bamvua hupanda mbali kuliko ya siku za maji mafu, na aliyejenga hema chini ya mstari huo ataamshwa na bahari. Panda juu, nyuma ya mivinje. Hapo pia unawaachia kasa nafasi, maana hutaga kwenye fukwe hizi, na taa zinawachanganya. Tumia mwanga mwekundu wa tochi ya kichwani.

Godoro, shuka, jiko

Mfuko wa kulalia usibebe. Kikoi kimoja na leso moja vinakutosha mwaka mzima, na mchana vina kazi nyingine kumi.

Godoro lina mjadala. La kupuliza kama NeoAir XLite lina gramu 350 hivi na unene wa kutosha kumpumzisha anayelala ubavu. La sponji la kukunja kama Z Lite lina karibu gramu 410, ni jembamba, na linachukua nafasi kubwa nje ya begi. Sifa kubwa ya lile la kupuliza ni kuzuia baridi ya ardhi, sifa ambayo hapa hatuihitaji, na mwiba mmoja wa mgunga unalimaliza. Mimi nasema sponji. Unalirusha chini popote, unalikalia wakati wa kuziba pancha, na likitobolewa linabaki godoro. Anayeumwa na kiuno au nyonga achukue la kupuliza na asione haya, ila abebe viraka.

Jiko liache nyumbani. Majiko ya gesi ya kupandia mlima ni mepesi ajabu, PocketRocket 2 ina gramu 73 tu, lakini mtungi wake wa kuskuruu ni vigumu kuupata nje ya miji mikubwa, na kwenye ndege hauruhusiwi. Ukilazimika, jiko la spiriti halina kitu cha kuharibika, ila linachemsha taratibu na upepo unalisumbua. Njia zetu zina mama wa mahamri na mbaazi, viazi karai, chapati na chai ya tangawizi karibu kila kituo. Ule uzito wa jiko na sufuria ugeuze maji. Kwa Marafa au Kakoneni wakati wa jua kali, lita tano si nyingi kwa mtu mmoja.

Mabegi au keria

Mabegi ya kufungwa kwenye usukani, fremu na kiti yanaifanya baiskeli iwe nyembamba na tulivu kwenye mchanga na matuta-matuta ya barabara ya vumbi. Keria yenye mabegi ya pembeni inabeba zaidi, inagharimu kidogo, na ikivunjika fundi yeyote wa kuchomea ataiunga Gongoni au Gede. Kwa anayeanza na baiskeli aliyonayo, keria. Vipande vya tiubu kuukuu, vile wanavyofungia madumu ya maji na magunia ya makaa, vinashika hema kwa uhakika kuliko mikanda mingi ya dukani, nalo pancha likija una mpira wa kiraka.

Mahali pa kulala, na safari ya Lamu

Hema zuri halina maana bila ruhusa. Fika kabla ya magharibi, piga hodi, mwombe mwenye shamba au mzee wa kijiji. "Shikamoo baba, naomba mahali pa kulaza hema mpaka asubuhi" ni maneno yanayofungua milango mingi, na mara nyingi utaonyeshwa mahali palipofagiwa, karibu na nyumba. Arabuko-Sokoke ulale pale tu walinzi wa msitu wanapokuelekeza, kwa sababu tembo wamo.

Wengi huniuliza kuhusu Lamu, zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe. Sehemu za barabara hiyo zimewahi kushambuliwa, kwa hiyo sishauri mtu apige hema porini huko, hata awe na hema la namna gani. Pitia kituo cha polisi uulize hali ya siku hiyo, na kama jibu lina wasiwasi, pandisha baiskeli kwenye basi hadi Mokowe. Ukishavuka kwa boti, mitaa ya mji ni myembamba na Shela ni mchanga mtupu, kwa hiyo baiskeli itapumzika zaidi ya kutembea. Vyumba vipo, na nyumba kadhaa zina dari ya juu yenye upepo ambako wenyewe hulala wakati wa joto. Kwa safari hiyo hema libaki Malindi. Chukua chandarua cha fundi, mkeka na leso.